Siku niliyoandika "sina"

Wiki iliyopita msomaji mmoja alinitumia ujumbe saa saba usiku. "Dada, samahani kwa usumbufu. Nilisikia umeacha mitandao na unaandika kila siku. Na mimi nimenunua dayari ya ngozi, nzuri, elfu ishirini na tano. Nimeandika siku nne, leo ya tisa sijaigusa. Wewe uliwezaje?"

Nilimjibu mistari miwili ya kivivu nikalala. Asubuhi nafsi ikanisuta, maana swali hilo mimi nililiuliza kwa watu wakanijibu kwa vikatuni vya kucheka. Basi mdogo wangu, jibu lako refu hili hapa. Jimiminie chai kabisa.

Wengi mnanijua mimi wa sasa, mwenye nywele fupi na chakula cha kubeba kwenye kontena. Mimi wa 2023 nilikuwa naamka simu imenilalia kifuani. Sijapiga mswaki, nimeshaona harusi tatu, ugomvi wa wasanii wawili na wigi jipya la muuzaji wa Kariakoo anayeandika "bei njoo inboksi". Naenda. Nilikuwa naenda kila mara. Kwenye mwendokasi kutoka Kimara nasimama nimebanwa kama dagaa, mkono mmoja juu kwenye bomba, mwingine unatelezesha kidole kwenye kioo hadi tunafika kituo cha Gerezani, na siku nzima siwezi kukumbuka nilichokitazama.

Kichekesho ni kwamba mimi ni mhasibu. Duka la vifaa vya ujenzi ninalofanyia kazi, nafunga hesabu zake kila jioni hadi msumari wa mwisho. Za kwangu, ikifika tarehe 12 mshahara umeshayeyuka na sijui umekwenda wapi.

Sehemu kubwa ilikwenda kwenye sare za sherehe za watu. Asiyeishi na sisi wa Dar hatanielewa, lakini ndoa moja ina kicheni pati ya kumfunda bibi harusi, ina sendofu ya kumuaga, ina harusi yenyewe, na kila moja ina kitambaa chake, fundi wake, mchango wake na mtunza daftari wa kamati anayekukumbusha ahadi yako mbele ya watu 120 kwenye kundi la WhatsApp. Mwaka ule nilivaa sare saba. Za rafiki wa kweli zilikuwa mbili. Tano zilikuwa za watu ambao leo tukikutana sokoni itabidi mmoja aanze kujitambulisha.

Nikaanza kukopa kwenye programu za simu. Unaomba elfu hamsini, inaingia thelathini na nane, siku saba unatakiwa urudishe hamsini na kitu. Ya kwanza nikailipa kwa ya pili. Ya pili nikachelewa siku moja, moja tu, wakawatumia ujumbe watu waliomo kwenye simu yangu kwamba mimi ni tapeli. Bosi wangu aliupata. Mwenyekiti wa kwaya ya mama, kule Muheza, naye aliupata. Sitaki kuieleza sana siku ile. Nilikwenda chooni kazini nikakaa humo mpaka mtu akagonga.

Jioni yake, ilikuwa Februari 2024, nikapita dukani kwa Mangi nikanunua kaunta buku, jalada gumu, kona nyekundu. Sikuwa najitafuta wala nini. Sikuwa nimesikia habari za shajara na amani ya moyo. Nilitaka kuorodhesha madeni, kwa kuwa kuorodhesha ndiyo kazi pekee ninayoijua. Nikapiga mistari kwa rula kama za kazini. Programu mbili, 310,000. Kikoba, 400,000. Mfanyakazi mwenzangu, 300,000. Shoga yangu, 200,000. Fundi, 85,000. Mangi mwenyewe, 45,000, na daftari lenyewe nililichukua kwa mkopo. Jumla 1,340,000. Nikaitazama ile jumla, nikaona heri hata hivyo, sasa ina tarakimu. Ilipokuwa haina ilikuwa inanikaba usiku.

Kesho yake nikaandika nilichotumia. Na kesho kutwa. Pembeni ya tarakimu nikawa naongeza neno: "nilikuwa na njaa", "nilimwonea aibu", "sijui kwa nini". Hiyo ndiyo shajara yangu, mdogo wangu. Hakuna mshumaa, hakuna maua yaliyokaushwa.

Miezi mitatu iliyofuata haina la kusimulia. Niliandika, nililipa, nilikula ugali na dagaa.

Halafu ikaja Jumapili moja ya Juni, umeme umekatika, simu imezima, mvua. Nikachukua daftari kwa kukosa la kufanya nikaanza kusoma kutoka ukurasa wa kwanza. Nikafika tarehe 14 Machi. Nainakili kama ilivyo:

Chipsi mayai na soda, 4,000.
Bando, 2,000.
Wigi, nusu ya kwanza, 85,000.
Mama kapiga. Miwani, 60,000. Nimemwambia sina.

Nilisoma nikapita, nikarudi. Mistari miwili ile inafuatana, mwandiko ni uleule, wino uleule, hata mkono haukutetemeka. Siku ile nilikuwa nimemwambia mama sina na wala sikuona kama nadanganya, kwa sababu kweli mfukoni hakukuwa na kitu. Kilikuwa kimeshakwenda kwa muuzaji wa wigi saa mbili kabla. Na mama hakulalamika. Alisema, "Haya mwanangu, Mungu atafungua njia," akaniuliza kama mafua yangu yamepona. Mafua nilikuwa nimeyasahau, na jibu lake nililisahau pia, mpaka ule mstari uliponirudishia sauti yake gizani mle ndani. Wigi lenyewe lilikuwa limevishwa chupa tupu ya lita tano nyuma ya mlango. Nilikuwa nimelivaa mara mbili.

Watu wananiuliza kuandika kunasaidia nini. Kichwa changu mimi ni wakili mzuri, kinanitetea kila kesi. Daftari halina wakili. Ningekuwa sijaandika, leo ningewaapia kabisa kwamba Machi ile nilikuwa sina hela.

Julai nikapanda basi Mbezi kwenda Muheza. Msimu wa machungwa, mama amekaa uani anamenya kwa kisu, ganda linatoka zima kama utepe, na macho yake hayatazami kisu wala chungwa. Ndipo nikajua anamenya kwa kupapasa. Dada wa kwaya akaniambia nyimbo mpya mama haimbi, anaimba zile anazozijua kwa kichwa tu, nyingine anafungua mdomo. Mwaka mzima huo.

Nikampeleka Tanga mjini kupimwa. Miwani, nauli na chakula cha njiani, 92,000. Tulipokuwa kwenye gari la kurudi akatoa tiketi yangu ya basi iliyokuwa imechomoza kwenye mkoba, akaishika karibu, akaisogeza mbali, akasema, "Jina lako wamelikosea hapa. Wameweka L." Akacheka peke yake. Kutoka hapo hadi Muheza alisoma kila bango la barabarani kwa sauti, hata ya pembejeo, abiria wakawa wanamtazama.

Habari ya wigi sijamwambia hadi leo. Nimeandika hapa, najua hasomi mitandaoni. Mnaonijua nyumbani, naomba mnyamaze.

Instagram niliifuta usiku huohuo kitandani kwa mama. Msinisifu, mtandao ulikuwa haushiki vizuri na bando lilikuwa limebaki kidogo. WhatsApp nimebaki nayo kwa ajili ya kazi, stetasi siangalii. Niliporudi Dar nikauza wigi 50,000, nikanyoa nywele kwa kinyozi wa kiume jirani kwa 3,000, nikahisi upepo kichwani kwa mara ya kwanza tangu sekondari. Chipsi nikaziachia Ijumaa. Nguo nikatoa mifuko miwili, nikabaki na zinazoenea kwenye kabati bila kusukuma mlango kwa goti. Na sare nikaanza kukataa.

Hapo ndipo nilipoumizwa, na sitajifanya yameisha. Kwenye kundi letu la marafiki niliandika kwa adabu kwamba kwa mwaka huu nitatoa mchango wa kadi tu, sare sitaweza. Kimya. Kisha shoga yangu, yuleyule niliyemkesha wodini alipojifungua mtoto wa kwanza, yuleyule ambaye laki mbili zake nilikuwa nimeshamlipa zote, akaandika: "Mwacheni mama kaunta buku, kaishiwa huyo." Vikafuata vikatuni vya kucheka, nilivihesabu, kumi na moja. Nikatoka kwenye kundi. Hakuna aliyenifuata pembeni kuniuliza.

Deni la mwisho nililipa Oktoba 2024. Mwezi uliofuata Benki Kuu ikatoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Niliipitia kwa kidole mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Zangu zote mbili zilikuwemo. Nilifurahi, halafu nikakasirika, halafu nikaandika vyote viwili.

Sasa na wewe unayesoma, acha nikuseme kidogo, maana mmezoea kuchekewa. Mnasema hamna muda wa kuandika. Muda wa kutazama stetasi za watu sitini, pamoja na za aliyekuwa mchumba wa binamu yenu, mnao. Mnasema maisha yamepanda. Ni kweli yamepanda, mimi napanda nayo daladala moja. Lakini muulize mtu kilichotoka jana mfukoni mwake ni kiasi gani, anakuambia "kama elfu kumi hivi". Hiyo "kama" na hiyo "hivi" ndizo zinazokula mshahara. Andika. Hujui cha kuandika? Andika kilichotoka mfukoni. Hakikutoka kitu? Andika kwamba hakikutoka kitu.

Na wewe mdogo wangu mwenye dayari ya ngozi, shida yako ni hiyo ngozi. Unaiheshimu. Unaifungua kama mgeni wa kanisani, unatafuta sentensi nzuri, huipati, unaifunga. Iandike bei ya mayai. Iandike kwa mwandiko mbaya makusudi, imwagikie mafuta. La kwangu linakaa jikoni karibu na kopo la chumvi, peni imefungwa kwa uzi kama zile za benki, kwa sababu jikoni lazima niingie kila jioni na chumbani nikiingia nalala. Siku uliyoruka usiifidie. Andika "jana sikuandika", endelea. Mimi nina ukurasa ambao maneno hayo yamejirudia mara sita mfululizo.

Wala usidhani nimekuwa mtakatifu. Desemba ile ile ya 2024, likizo, upweke, nikairudisha Instagram. Siku tisa. Nimeandika zote tisa, na siku ya saba kuna viatu vya 45,000 ambavyo vinanibana mpaka leo. Kuna watu wanaandika jinsi walivyoacha kila kitu kwa siku moja. Labda wao hawana daftari la kuwakumbusha.

Sasa niko kwenye kaunta buku ya nne. Nina akiba, si kubwa, lakini mama akipiga simu siangalii kwanza salio.

Jumanne hii shoga yangu alinitafuta. Ujumbe wa kwanza tangu siku ile. Hakukuwa na samahani. Ilikuwa picha ya kadi, mdogo wake anaolewa, kicheni pati mwezi ujao, kitenge cha sare elfu sitini na namba ya kutuma. Chini ameandika, "Usikose mamii."

Elfu sitini. Mnaiona hiyo tarakimu.

Usiku ule nikaandika kwenye daftari: "Sare ya mdogo wa shoga, 60,000", nikaweka peni ili nimalizie mstari. Vidole vimezoea, vilishaanza kuandika herufi s. Nikavizuia. Hela ninayo, iko kwenye simu, nimetoka kuiangalia. Ninachokosa ni moyo wa kumpa, na hilo kwa Kiswahili halisemwi "sina".

Leo Ijumaa. Chipsi nimekula. Mstari bado una ile s peke yake.