Mtoto wa sikoseli akipauka ghafla, usianze na rosela

Naandika hii kwa wazazi wenzangu wenye watoto wa sikoseli, hasa nyie wa huku kwetu Tabata, Mbagala, Gongo la Mboto, ambako mtoto akichemka tu kichwani tunawaza malaria, na mimi nilikuwa hivyohivyo kabla haya hayajanikuta.

Mwanangu mkubwa ana miaka 9, SS, yaani karithi sikoseli kwa baba na kwa mama. Shuleni kwao kulipita kahoma fulani, watoto wanapata mafua na vipele kidogo, siku mbili tatu wamerudi wanacheza. Wangu naye akakapata. Nikampeleka zahanati, kipimo cha malaria hakikuonesha kitu, tukapewa panadol na antibayotiki tukarudi nyumbani, homa ikaisha nikajua tumepona.

Siku ya nne asubuhi namvalisha sare ndo nikaviona viganja vyake. Jamani. Ile mistari ya mkononi imefutika kabisa, viganja vyeupe kama sembe, nikamwambia toa ulimi nao hivyohivyo, halafu moyo unadunda mpaka naona shati linacheza. Ila macho hayakuwa ya njano kuliko siku zote na hapo ndo nilipochanganyikiwa, maana nilizoea kwamba damu yake ikiharibika kwa wingi macho yanakuwa manjano na mkojo unakuwa mweusi, sasa hii damu imeenda wapi? Shangazi yake akasema mkamulie rosela na matembele, nikakamua, nikamnywesha, nikapoteza siku nzima. Hiyo siku inaniuma mpaka leo.

Usiku hakuweza hata kutembea mpaka chooni, tukachukua bajaji mpaka hospitali. HB, yaani kiwango cha damu, 3.4. Yeye huwa anakaa kwenye 7.5. Dokta hakuishia kwenye FBP, kile kipimo cha picha nzima ya damu, akaomba na kipimo cha retikulosaiti, yaani kuhesabu chembe nyekundu changa zinazotoka kwenye uboho wa mifupa. Ikatoka asilimia 0.2. Kwa mtoto wa sikoseli hiyo namba inatisha, kwa sababu siku zote uboho wake unafanya kazi mara kadhaa kuliko wa mtu wa kawaida ili kufidia zinazokufa, daftari lake la kliniki lilikuwa limeandikwa asilimia 12. Dokta akasema damu haijavuja wala haijaharibiwa zaidi ya kawaida yake, uboho umeacha kutengeneza.

Anayesababisha hivyo mara nyingi ni kirusi kinaitwa parvovairasi B19, kiligunduliwa London mwaka 1975. Kinaingia kwenye zile chembe mama za uboho ambazo ndo zinazaa chembe nyekundu, kinazaliana humo kinaziua, na kwa wiki moja hivi hakuna chembe nyekundu mpya inayotoka. Kinashika watoto wengi sana wasio na sikoseli na wala hawajui. Nikamuuliza sasa mbona wenzake shuleni wako salama, akanielewesha kwa maji ya Dar: nyumba yenye tanki la lita 5000, maji yakikatika wiki nzima hawana habari, nyumba yenye ndoo mbili kesho yake wanahangaika. Chembe nyekundu ya mtu wa kawaida inaishi siku kama 120, ya mtoto wa sikoseli siku 10 mpaka 20. Bomba limefungwa kwa wote, ila ndoo za wangu zilishakauka.

Ndo maana rosela haikuwa na cha kufanya, hata matembele ni chakula kizuri nawapikia kila wiki lakini mboga haifungui uboho uliozibwa na kirusi. Na zile dawa za madini chuma za kujinunulia famasi msimpe bila daktari kusema, hasa mtoto ambaye ameshaongezewa damu mara nyingi, chuma kinajaa mwilini. Folic acid, ile vitamini ya kusaidia kutengeneza damu wanayopewa kliniki, endelea nayo kama kawaida. Kirusi chenyewe kinga ya mwili inakimaliza, kinachotakiwa ni damu ya kumvusha zile siku. Wangu aliwekewa taratibu sana, kidogo kidogo, kwa sababu HB ikiwa chini vile ukimwaga damu haraka moyo unalemewa. Waliotuchangia ni kaka yangu na vijana wawili wa bodaboda wa kijiweni kwetu, Mungu awalipe.

Sasa hili naomba mlishike. Dokta aliniuliza, nyumbani kuna mwingine mwenye sikoseli? Nikasema ndiyo, mdogo wake, ila yeye anacheza tu. Akasema mlete leoleo. HB 6.1, retikulosaiti asilimia 0.4, na homa ndo ilikuwa inaanza! Kirusi kinasambaa kwa makohozi na mate, kikiingia nyumba yenye watoto wawili wa sikoseli wanaweza kuanguka wote wiki hiyohiyo. Huyu tulimuwahi. Na kama kuna mjamzito hapo nyumbani asimuuguze mtoto, mimba inaweza kupata shida kwa kirusi hiki, mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi minne tukamhamishia kwa mama mara moja.

Siku ya nane retikulosaiti za mkubwa zikafika asilimia 9. Dokta akanionesha karatasi, akaniambia uboho umeamka, na mtoto akishaugua kirusi hiki mara moja kwa kawaida hakimrudii tena. Nililia pale korido.

Tangu hapo HB na retikulosaiti za wanangu wakiwa wazima nimeziandika ukurasa wa kwanza wa madaftari yao, kwa kalamu nyekundu, ili nesi yeyote wa usiku akifungua aone tumeshuka kutoka wapi.