Mnara wa tangi: mabomba yaliyonyooka yanatosha

Ndugu wa Mbale, umeuliza kama fundi wako anakudanganya anaposema mnara wenye kiuno chembamba hauhitaji kukunja bomba hata moja. Hakudanganyi. Umbo hilo huitwa haipaboloidi, na katika kila nukta yake hupita mistari miwili iliyonyooka kabisa.

Jaribu nyumbani: kata duara mbili za katoni zinazolingana, ziunganishe kwa kamba zilizosimama wima, kisha zungusha ile ya juu huku kamba zikibaki zimekazwa. Kiuno kinajitokeza chenyewe! Ukizungusha digrii 90, kinabaki kama asilimia 71 ya upana wa duara. Digrii 120, nusu. Ukifika 180 kamba zote zinakutana katikati, kwa hiyo usifike huko.

Kwa mnara wa mabomba ya mita 6 na pete za juu na chini za kipenyo cha mita 2, digrii 90 zinakupa kimo cha mita 5.83. Unapoteza sentimita 17 tu.

Ila mabomba yote yakilala upande mmoja, uzito utataka kuuzungusha mnara. Dai seti ya pili inayolala kinyume, zifungwe kila zinapopishana. Mhandisi Vladimir Shukhov alijenga hivyo Urusi mwaka 1896, na mnara wake nao ulibeba tangi la maji.

Lita 1,000 ni tani nzima hewani. Hapo mimi nisingebana pesa: mhandisi akague msingi na viungo kabla hujajaza. Kama tangi ni dogo, kusema kweli, miguu minne ya kawaida ni rahisi zaidi.