Kupandanisha nguo majira ya kuchipua: anza na vazi utakalobaki nalo mchana

Ndugu mleta mada,

Nimelisoma swali lako mara mbili. Unasema kwamba una jaketi la jinzi, sweta nene la sufu, mashati mawili meupe, gauni refu la maua na koti la kaki. Kwamba asubuhi unavaa nguo juu ya nguo na kujiona umefura, na mchana jua likiwaka unavua koti na kubaki na shati lililokunjamana. Na unauliza ununue nini ili uonekane nadhifu siku nzima. Ushauri wangu ni kwamba usinunue chochote kwa sasa. Nguo ulizozitaja, ukiondoa moja, zinatosha kabisa kuanzia. Shida unayoieleza ndiyo iliyonisumbua mimi kwa misimu mitatu ya mwanzo niliyoishi penye majira manne: nilikuwa napanga mavazi kutokea nje, nikichagua koti kwanza kwa kuwa asubuhi ni baridi, kisha nikivaa chini yake chochote kilichokuwa karibu.

Majira ya kuchipua yana tabia moja inayoamua kila kitu. Wakati wa baridi kali mtu huvaa koti atokapo, hulivua aingiapo ndani, na nguo za katikati hubaki zilivyo hadi usiku. Lakini kati ya Machi na Mei kwa walio kaskazini mwa ikweta, au kati ya Septemba na Novemba kwa walio kusini, siku moja inaweza kuanza na nyuzi 6 za Selsiasi, ikapanda hadi 18 adhuhuri, kisha upepo wa jioni ukairudisha chini. Maana yake ni kwamba nguo ulizovaa alfajiri zitavuliwa moja baada ya nyingine mbele ya watu, na kila moja inapovuliwa, ile iliyokuwa chini yake ndiyo inayogeuka kuwa vazi lako. Shati ulilolihesabu kuwa la ndani asubuhi ndilo watakalokuona nalo watu saa saba mchana.

Nililielewa jambo hili siku niliyokwenda kwenye kikao nikiwa nimevaa koti zuri la suti juu ya fulana iliyolegea shingo, kwa kuwa niliamini hakuna atakayeiona. Chumba kilikuwa na joto, wenzangu wote wakavua makoti, nami nikakaa saa mbili nikitokwa jasho kwa kuwa sikuweza kulivua la kwangu. Tangu siku ile, kabla ya kutoka nyumbani hujitazama kwenye kioo mara tatu: nikiwa na nguo zote, nikiwa nimevua koti, na nikiwa nimevua koti na sweta. Hatua mojawapo isiponiridhisha, hubadilisha nguo ya hatua hiyo, hata kama nikiwa na zote napendeza.

Sasa nije kwenye kufura. Watu wengi hudhani kwamba kinachotunza joto ni unene wa kitambaa, ilhali kinachofanya kazi kubwa ni hewa iliyotulia ndani ya nyuzi na baina ya nguo na nguo. Ndiyo maana nguo mbili nyembamba zinazopeana nafasi kidogo zinaweza kukutunza vizuri kuliko moja nene, na ndiyo maana pia sweta nene likibanwa chini ya koti dogo hupoteza joto na umbo kwa pamoja, kwa sababu hewa imekamuliwa. Kanuni ninayoifuata ni kwamba unene upande kutokea ndani kwenda nje, na nguo laini zaidi iwe karibu na ngozi. Fulana ya kawaida ya pamba huwa na uzito wa kati ya gramu 140 na 180 kwa mita ya mraba, wakati kitambaa cha jinzi cha wakia 12 kwa yadi ya mraba hufika takriban gramu 400. Ukiziweka hizi mbili pamoja, katikati panabaki nafasi ya kitu kimoja chembamba tu. Sweta lako nene halina mahali hapo, na kwa kweli ndilo nguo moja ninayokuomba uiondoe katika hesabu ya msimu huu.

Kuna sehemu nyingine ambayo wengi hawaitazami kabisa, nayo ni mabega na makwapa. Koti likikaa vizuri juu ya fulana dukani, haimaanishi kwamba litakaa vizuri juu ya shati na sweta. Kwapa la nguo ya nje linapaswa kuwa pana na kushuka chini kidogo kuliko la nguo ya ndani. Yakilingana, mikunjo hukusanyika pale na mwili wote wa juu huonekana kama umejazwa. Mimi hujaribu kwa kujikumbatia na kisha kuinua mikono juu. Nikihisi kuvutwa mgongoni, nguo hiyo haifai kuwa ya nje, hata iwe nzuri namna gani. Mikono ya raglani, ile ambayo mshono wake unatoka shingoni hadi kwapani badala ya kuzunguka bega, ndiyo rafiki mkubwa wa anayepandanisha nguo, kwa kuwa haina mshono wa bega unaolazimika kulingana na wa nguo ya chini. Mkono huo una jina la Lord Raglan, kamanda Mwingereza aliyepoteza mkono wake wa kulia katika mapigano ya Waterloo mwaka 1815, na sweta la kufunguka mbele linaloitwa kadigani lina jina la Earl of Cardigan, aliyepigana chini ya Raglan huyo huyo katika Vita vya Krimea. Hupendezwa sana kila ninapokumbuka kwamba nguo mbili zinazonisaidia zaidi katika msimu huu zimetokana na majina ya wanajeshi wa vita kimoja.

Kadigani nyembamba ya sufu, kwa maoni yangu, ina thamani kuliko sweta la kuvaliwa kichwani, kwa sababu huivua bila kuvuruga nywele wala kola, na unaweza kuifungua vifungo hatua kwa hatua kadiri joto linavyopanda. Sufu ina sifa nyingine ya ajabu: inaweza kufyonza mvuke wa maji unaofika takriban asilimia 30 ya uzito wake kabla haijahisiwa kuwa na unyevu. Pamba hufyonza jasho pia, lakini hulishikilia na kuchelewa kukauka, hivyo ukiukimbilia usafiri asubuhi ukiwa na shati la pamba lililobana, utahisi baridi mgongoni mara tu utakaposimama. Siisemi pamba vibaya. Mashati yako meupe ni mazuri. Nasema tu kwamba yasikubane.

Kuhusu kukunjamana: kitani hukunjamana haraka kuliko vitambaa vingi, kwa hiyo shati la kitani nalivaa juu, likiwa wazi kama koti jepesi, wala silifichi chini ya sweta. Shati la pamba lililofumwa kwa kubana hustahimili zaidi. Lakini kilichokunjamanisha shati lako nadhani ni mikono ya koti isiyo na bitana. Kitambaa kikavu kikisuguana na kikavu, shati hupanda na kujikunja kwenye viwiko kila unapoinua mkono. Bitana laini huliacha liteleze. Lichunguze koti lako la kaki kwa ndani, na kama mikono yake haina bitana, fundi anaweza kuiwekea bila shida.

Kwa koti lenyewe, kaki ni chaguo ninaloliunga mkono kwa moyo wote, hasa likiwa la gabadini, kitambaa kilichobuniwa na Thomas Burberry mwaka 1879 na kusajiliwa kwa hataza mwaka 1888. Kimefumwa kwa kubana kiasi kwamba huzuia upepo na manyunyu huku kikibaki chepesi, na kwa majira yenye mvua za ghafla bila baridi kali, hicho ndicho unachokihitaji.

Urefu wa nguo ndio unaotofautisha aliyepanga na aliyejifunika. Pindo mbili zikikaribiana sana, kwa mfano shati likichungulia chini ya sweta kwa upana wa kidole kimoja, mtazamaji huona kosa. Ama zilingane kabisa, shati likiwa limechomekwa, ama zitofautiane kwa upana wa vidole vinne au zaidi, ili ionekane wazi kwamba ulikusudia. Jaketi fupi lishie kiunoni likiwa juu ya gauni refu. Koti refu lishuke chini ya makalio, na likifika karibu na goti ni bora zaidi. Koti linaloishia katikati ya paja juu ya gauni refu humkata mvaaji vipande vitatu, na sijawahi kuona likimpendeza mtu.

Rangi nitazipitia haraka, kwa kuwa hapo kila mtu ana jicho lake. Ninachokisisitiza ni kimoja: nguo ya juu na ya chini za ndani zikiwa za rangi moja au zinazokaribiana, na koti la rangi nyingine likiachwa wazi juu yake, macho huona mistari miwili mirefu inayoshuka, na kule kufura unakokulalamikia hupungua hata bila kubadilisha nguo yoyote. Maua yabaki kwenye nguo moja tu. Skafu nyembamba ihesabiwe kuwa tabaka kamili, kwa kuwa hufunika shingo ambapo baridi huingia, na ukiivua haichukui nafasi kwenye mkoba. Viatu viwe vya kufunika vidole hadi uhakikishe kwamba asubuhi zimepata joto.

Kwa nguo ulizonazo, basi, ningekupangia hivi. Siku ya kazi vaa shati jeupe lililochomekwa kwenye suruali ya rangi isiyokoza, jaketi la jinzi likiwa wazi na koti la kaki juu yake, mradi koti liwe na nafasi kwapani. Adhuhuri unavua koti, na saa nane unavua jaketi na kukunja mikono ya shati mara mbili hadi chini ya kiwiko. Siku ya mapumziko vaa gauni la maua pamoja na taiti na fulana nyembamba isiyobana chini yake, kisha jaketi la jinzi lishie kiunoni na skafu ya rangi moja iliyomo kwenye maua yale. Shati lako la pili jeupe unaweza kulivaa juu ya gauni lile, ukalifunga fundo mbele mahali pa kiuno, siku jua linapokuwa kali kidogo na jaketi likawa zito mno. Ukifika wakati wa kununua, nunua kadigani moja nyembamba ya sufu ya rangi inayokaribiana na suruali yako, na ikae mahali pa jaketi la jinzi siku unapotaka kuonekana rasmi zaidi.

Sweta nene usiliache limetundikwa mlangoni likikushawishi kila asubuhi. Lifue kabla ya kulihifadhi, kwa kuwa viwavi wa nondo hupenda sufu yenye jasho na madoa kuliko iliyo safi, liache likauke kabisa likiwa limelazwa juu ya taulo ili lisivutike mabega, kisha likunje na kulitia kwenye mfuko unaofungika vizuri hadi majani yatakapoanza kupukutika.