Unanunua nyumba Mwanza? Fukua bikoni kwanza

Nawaandikia ninyi mliohamishiwa Mwanza kikazi, walimu, wauguzi, watu wa benki, mliochoka kupanga na sasa mnazungushwa na madalali Buswelu, Nyasaka, Kishiri na Buhongwa. Mimi nilinunua nyumba yangu Nyasaka nikiwa na hati safi mkononi, na bado nilikuja kulibomoa jiko langu. Kosa langu lilikuwa moja: niliikagua karatasi, nikaikagua na nyumba, ila sikuvikutanisha kwa kufukua bikoni, zile alama za zege ambazo mpimaji huzika kwenye kona za kiwanja.

Upekuzi nilifanya. Nilipeleka maombi kwa Msajili wa Hati hapa Mwanza, nikalipia, majibu yakaja: jina ni la muuzaji, hakuna rehani ya benki, hakuna zuio la mtu yeyote. Kodi ya pango la ardhi ilikuwa imelipwa hadi mwaka ule. Wakili akaandaa mkataba, tukasaini. Hayo yote ni ya lazima, msiache hata moja. Lakini upekuzi unakwambia nani anamiliki kiwanja namba fulani, kitalu fulani. Haukwambii kama ukuta unaoonyeshwa umesimama ndani ya kiwanja hicho.

Na mji huu una shida yake. Mwanza ni mawe. Mtu akikuta jabali kwenye mstari wa mpaka halipasui, analizunguka. Uzio unapinda, mwaka unaofuata anapanda minyaa kufuata uzio, na baada ya miaka kumi mtaa mzima unaapa kwamba mpaka ndipo ulipo. Nyuma ya nyumba yangu kulikuwa na jabali kubwa kama lori. Muuzaji alininyooshea kidole tu: "Mpaka ni lile jiwe." Nikakubali, maana jiwe halihami.

Mwaka wa tatu jirani wa nyuma akaleta mpimaji ili aanze msingi. Nilisikia panga likikwangua karibu na banda langu la kuku, nikatoka. Kijana wa mpimaji alikuwa amepiga magoti, kafukua kama nusu mita. Ndani ya shimo lilionekana zege dogo la ukubwa wa kopo la rangi, kipande cha nondo katikati kimeshika kutu, na namba zilizofifia ambazo alikuwa akizisugua kwa kidole chenye mate. Akazilinganisha na ramani aliyoshika. Kisha wakavuta kamba kutoka pale hadi bikoni ya pili, kamba ikapita katikati ya jiko langu. Shimo la choo lote likabaki ng'ambo. "Mama," aliniambia kwa sauti ya chini, "hapa uko kwenye kiwanja cha mzee."

Mzee mwenyewe hakunifokea. Alisema, "Mwanangu, sitaki kukuvunjia. Ila na mimi nina watoto." Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi, kwa sababu alikuwa na haki.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata malipo ya awali, mwombe muuzaji nakala ya hati pamoja na ile ramani iliyoambatanishwa ndani. Ina urefu wa kila upande na namba za bikoni. Nunua tepu ndefu ya fundi, pima mwenyewe. Upande wangu mmoja uliandikwa mita 30, na uwanjani ulikuwa 33. Ningejua siku ya kwanza kama ningepima. Halafu mlipe mpimaji aliyesajiliwa, akuonyeshe bikoni zote. Nasisitiza zote. Ukiambiwa tatu zipo na ya nne "iko hapo hapo kwenye majani", usisaini, maana isiyoonekana ndiyo mara nyingi yenye kesi. Kama imeng'olewa, irudishwe na mpimaji kwa gharama ya muuzaji, na hilo liandikwe kwenye mkataba. Mkataba wangu haukusema neno lolote kuhusu mipaka, na nilipomtafuta muuzaji alikuwa ameshahama mkoa.

Siku hiyo ya kuonyeshwa mipaka, majirani wa pande zote wawepo, na mwenyekiti wa mtaa awepo. Waulize majirani kabla muuzaji hajafungua mdomo. Mtu anayeishi pembeni ya uzio ule miaka ishirini anajua mengi ambayo masijala hawana, ila hakuna anayemuuliza.

Kwenye milima ya Mabatini, Igogo na kwingineko hadithi ni nyingine, kwa sababu nyumba nyingi zilijengwa kabla ya kupimwa. Dalali atakwambia "eneo limesharasimishwa." Muulize: limepimwa, au limemilikishwa? Leseni ya makazi ni ya muda mfupi, barua ya toleo ina masharti ya kutimizwa, na hati ndiyo hati. Muhuri wa serikali ya mtaa kwenye karatasi ya mauziano unaonyesha kwamba mwenyekiti alishuhudia mkiuziana. Haumpi mtu umiliki.

Wanaopenda kuona ziwa dirishani, Luchelele au Igombe, wajue kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa. Wala msiifanye sheria hii kuwa ya karatasi tu: mwaka 2020 ziwa lilipanda likaingia kwenye nyumba za watu. Pembeni ya barabara kuu, kama ya Musoma au ya Shinyanga, hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara tangu Sheria ya Barabara ya 2007, kwa hiyo fremu za mbele zinazokuvutia kwa ajili ya kodi ndizo za kwanza kuchorwa X ya kubomolewa.

Mwenzi wa muuzaji asaini pia, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kama aliyetajwa kwenye hati ni marehemu, zungumza na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama tu, hata kama kaka mkubwa ndiye mwenye funguo.

Mgogoro ukishatokea, Baraza la Kata siku hizi linasuluhisha tu, uamuzi uko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mimi na mzee hatukufika huko. Tulikaa jioni mbili kwenye baraza yake, tukaandikishana mbele ya wakili: nipewe miezi minne, nihamishe choo na jiko, yeye asubiri kujenga upande ule. Jiko lilibomolewa siku moja. Choo kilihamia mbele ya nyumba, na mbele ni mwamba mtupu. Mafundi walikuwa wakikoka moto juu ya jiwe usiku, asubuhi wanamwaga maji lipasuke, wanatoa vipande, jioni wanakoka tena. Wiki tano. Fedha niliyolipa kwa shimo lile ingemlipa mpimaji mara nyingi.