Kullihim au kullihimi? Kibwagizo cha Burda na vijitabu vya njia ya mkato

SWALI: Assalaam alaykum, Ustadh. Naongoza kundi la akina mama wasomao maulidi hapa South C. Tunajifunza Burda, kasida ya Busiri ya kumsifu Mtume, kwa kijitabu cha herufi za Kirumi. Kwenye neno la mwisho la kibwagizo, mwalimu wa madrasa yetu anatukataza kusema "kullihimi", anasema sahihi ni "kullihim". Wenzetu wa Lamu huvuta kabisa, "kullihimii". Nani ana haki? Pili, mama wa mwenzetu amepigwa na kiharusi juzi, na kuna sheikh anayetaka ada amsomee Burda mara saba na kumwandikia kombe la zafarani anywe. Anasema tukimsomea wenyewe tukakosea, faida haipatikani. Ni kweli? – Msomaji, South C

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Wa Lamu wamepatia. Mwalimu wenu naye hajakosea sarufi, amekosea mahali. Nje ya shairi ni kullihim, herufi mimu ina sukuni (haina irabu), na aliyezoea Qur'ani akifika mwisho husimama kwa sukuni. Burda ni kasida ya mimu yenye kasra (irabu i): beti zake zote, 160 hivi kutegemea nakala, huishia kwa "mi", na kasra hiyo huvutwa. Kibwagizo hakimo miongoni mwa beti za Busiri, wasomaji ndio waliokiongeza, lakini kimejengwa kwa kipimo na kina kilekile. Ukisema kullihim umekitoa kwenye kasida. (Mwalimu akibisha, mwambieni afungue sura ya Al-Ahzab aya ya 10, atazame alifu iliyoko mwisho wa "adh-dhununaa", kisha atueleze sarufi imeidai wapi. Hata huko mwisho huvutwa ulingane na miisho ya aya nyingine.)

Hilo limekwisha. Linalonikera ni kijitabu.

Vijitabu hivi viko kila mahali Nairobi. Vinatolewa fotokopi Eastleigh na Pumwani, vinauzwa nje ya misikiti siku za maulidi, na sasa vinarushwa kwa simu vikiwa vimepigwa picha kombo. Mwandishi wake hatajwi. Anayevitumia huniambia, "Ustadh, mizani inatosha, nimehesabu." Dhana hiyo ndiyo inayoharibu kila kitu. Sisi tumelelewa na mashairi ya Kiswahili, ambayo mizani yake ni hesabu ya silabi: nane kwa nane na umemaliza. Kasida ya Kiarabu haihesabu tu, inapima. Silabi fupi na silabi ndefu haziwezi kukaa mahali pamoja, hata idadi ikiwa sawa. Gunia ni gunia mpaka lipandishwe ratili pale Marikiti.

Burda iko kwenye bahari, yaani kipimo, cha Basiti: mustaf'ilun fa'ilun, mustaf'ilun fa'ilun, kila nusu ya ubeti, na nguzo hizo (vipande vya kipimo) zina ruhusa zake chache za kupunguzwa. Tazama nusu ya pili ya ubeti wa kwanza kabisa: "mazajta dam'an jaraa min muqlatin bidamii". Mshairi anajiuliza kama ni kuwakumbuka majirani wa Dhu Salam kulikomfanya achanganye machozi yatiririkayo jichoni na damu. Kijitabu chenu, nina hakika bila kukiona, kimeandika "daman". Herufi ayn imemezwa, kwa sababu aliyeandika hakuwa na herufi yake. Hesabu silabi sasa: 14 kwa ayn, 14 bila ayn. Hesabu imetimia, lakini "dam" ilikuwa silabi nzito na "da" ni nyepesi, kwa hiyo nguzo ya kwanza imevunjika. Maana nayo imekwenda: dam'an ni machozi, daman ni damu. Msomaji anamsifu Mtume kwa sauti nzuri huku akisema amechanganya damu na damu.

Kibwagizo chenyewe kina mtego mbaya zaidi, na hata wanaosoma herufi za Kiarabu hunasa. "Mawlaaya salli wa sallim daa'iman abadaa." Hiyo "salli" ina i fupi. Kwa kuwa lahani (sauti ya kuimbia) inapenda kutua hapo, watu huvuta, "sallii wa sallim". Idadi ya silabi haibadiliki, na hata kipimo hakivunjiki, lakini maana imeharibika. "Sallii" kwa Kiarabu ni amri anayopewa mwanamke. Mwenye kuambiwa hapo ni Mwenyezi Mungu. Kosa hilo nimeliona limeandikwa kwa yaa kubwa kwenye mabango ya maulidi, yamening'inizwa barabarani na hakuna aliyeshtuka. Ukitaka kuvuta, vuta palipo na madda (irabu ndefu) tayari: laa ya Mawlaaya, daa ya daa'iman. (Mwishoni, abadan na abadaa zina uzito mmoja, msigombane kwa hilo.)

Kwa hiyo kijitabu kiwekeni kando. Akina mama wengi kundini nadhani walipita chuoni utotoni, herufi wanazijua, walichopoteza ni mazoezi. Chukueni nakala ya Kiarabu yenye irabu kamili, msome fasili (sehemu) moja tu kati ya zile kumi za Burda, polepole, bila lahani, mkigonga meza kwa nguzo. Lahani iingie baadaye. Lahani huficha makosa, ndiyo maana wavivu huanza nayo.

Sasa huyo sheikh wa ada. Mjadala wa kama Burda isomwe au isisomwe nawaachia wengine, mimi ni mwalimu wa lugha na arudhi, elimu ya vipimo vya mashairi. Lakini kisa anachokitegemea nakijua, maana kimesimuliwa kutoka kwa Busiri mwenyewe. Alikuwa karani na mshairi wa Misri, karne ya 13, akapooza nusu ya mwili. Akatunga kasida, akairudia akilia na kumwomba Mungu, akalala, akamwota Mtume akimpangusa kwa mkono na kumfunika joho lake. Akaamka akisimama. Kitafuteni katika kisa hicho kifungu cha ada. Mtafuteni mtu wa tatu aliyekuja kumsomea mara saba kwa malipo. Hayumo. Huyo anawatisha kwa makosa ya matamshi ili mumkodi yeye, kisha niambieni kama yeye mwenyewe anatamka ayn ya dam'an.

Thawabu si yangu kugawa. Mama yenu msomeeni wenyewe, bure, akiwa kwa daktari. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu habari hizi hunifikia mara kwa mara: mdomo umepinda, mkono umelegea, ulimi umekuwa mzito, na familia inatafuta zafarani. Madaktari wana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo, kwa wagonjwa wanaofaa, na kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Saa hizo zikiliwa na kombe hazirudi. Kama hajaonwa na daktari mpaka leo, acheni kusoma jibu hili mumpeleke. Kama ameonwa, pesa ya kombe ni pesa ya mazoezi ya viungo.

Na wengine mnaosoma hapa, jihadharini na biashara iliyozuka ya "ijaza ya Burda kwa wiki moja", unalipa kwa simu, unatumiwa sauti na cheti chenye muhuri wa dhahabu. Ijaza ni mwalimu kukusikia wewe ukisoma, akukosoe, urudie, mpaka aridhike. Anayekutumia sauti yake hajakusikia. Mkimtilia shaka mtu, mwombeni aiimbe Hamziyya, ile kasida nyingine ya Busiri ambayo Sayyid Aidarus wa Pate aliifasiri kwa Kiswahili cha kale, kwa lahani ileile ya Burda bila kubadilisha kitu. Hamziyya iko kwenye bahari ya Khafifu, nguzo zake ni nyingine kabisa. Ajuaye atawaambia haikai. Akianza kuimba, daini pesa zenu.