Mufasa na kigugumizi chake: barua kwa mwanangu

Baba'ngu,

Voisi yako ya jana usiku nimeisikiliza mara tatu. Ya kwanza sikuambulia kitu kwa kelele za daladala, ya pili nikaelewa nikakaa kimya, ya tatu nikamwita baba yako naye asikilize, akasema mwandikie usimpigie, maana mkipigiana mtaishia kulia wote wawili. Basi naandika, na unajua mi kuandika kwangu ndo kuongea kwangu, usinihesabie mikato.

Umeuliza hivi ile hadithi ya Mufasa, yule mfalme wa simba kwenye katuni ya The Lion King, kuwa na kigugumizi ilikuwa kweli au nilikutungia tu ili unyamaze kulia. Na unauliza kwa sababu juzi kwenye intavyuu umekwama kwenye jina lako mwenyewe, watu watatu wanakuangalia, mmoja akachoka akalisoma kwenye karatasi akakumalizia.

Ni kweli mwanangu, sikutunga. Ila kuna mahali niliipinda, na leo nataka kupanyoosha.

Kwanza nikukumbushe ilivyoanza maana ulikuwa mdogo, una miaka saba hivi. Pale shule ulikuwa unaachwa kusoma kwa sauti, zamu ikifika kwako mwalimu anaruka anaenda kwa anayefuata, na mama mmoja jirani aliwakataza wanawe kucheza na wewe wasije wakaiga kigugumizi. Nilikuwa na hasira mi, we acha tu. Sasa mjomba wako akaja na mkanda wa The Lion King, tukaazima deki, ukaangalia mpaka mkanda ukaanza kukwaruza. Jioni moja niko uani nachambua mchele nasikia mtu anaunguruma ndani, sauti nzito ya kujilazimisha, anamwita Simba, anamfokea, anamfundisha. Nikachungulia kumbe ni wewe, umejifunga kanga yangu shingoni ndo manyoya ya simba, uko mbele ya kabati la kioo, na maneno yanatoka moja baada ya jingine hayagongani hata kidogo! Ulivyoniona tu ukasema "ma-ma-ma-mama" ukakimbia. Ungo ulinianguka, mchele wote chini.

Ndo nikaanza kuulizia hiyo sauti ya Mufasa ni ya mwigizaji gani. Pale kazini masjala kulikuwa na majarida ya Kizungu yamekaa miaka, humo nikamkuta: James Earl Jones, na kwamba mtu huyo aliyeazimwa sauti ya mfalme wa simba utotoni hakuwa anaongea kabisa.

Alizaliwa Januari 17, 1931, Arkabutla, Mississippi, kusini ya Marekani, kule ambako mtu mweusi enzi hizo alikuwa anaishi kwa kuangalia nyuma. Baba yake, Robert Earl Jones, aliondoka karibu na wakati mtoto anazaliwa. Akalelewa na babu na bibi mzaa mama, na alipofika miaka mitano hivi wakahamia kaskazini, Michigan, shambani. Huko ndo ulimi ukafunga. Alianza kugugumia, watoto wakamcheka, akaona isiwe tabu, akanyamaza. Na si wiki wala mwezi mwanangu, ni kama miaka minane! Nyumbani maneno mawili matatu ya lazima, shuleni anaandika kwenye karatasi, wa kuongea nao kwa raha walikuwa wanyama wa pale shambani. Nilivyokusimulia hapo ulinikatiza ukasema hata wewe na kuku wa bibi huwa hukwami. Ukawa umekubali hadithi yangu hapohapo.

Kisha mwalimu. Huyu Donald Crouch alikuwa anafundisha sekondari ya kijijini kwao, akagundua yule kijana bubu anaandika mashairi. Ilikuwa wakati wa vita kuu ya pili, serikali ikawa inagawa mabalungi yaliyotoka majimbo ya joto, na kijana kule kwenye baridi akalionja akalipenda mpaka akaliandikia shairi. Balungi! Sisi huku Muheza linaoza chini ya mti mtu halitazami. Mwalimu akalisoma akamwambia hili zuri mno, sidhani kama ni lako, kama ni lako kweli simama mbele ya darasa ulighani kwa kichwa. Mtego huo. Kijana akasimama ili asiitwe mwizi, akaanza, na halikukwama hata neno moja. Alinyamaza ana sauti ya kitoto akaja kufumbua mdomo sauti imeshavunjika, imekuwa ile besi unayoijua.

Sasa hapa ndo nilipopinda. Mi nilikwambia tangu siku hiyo akapona. Nilisema "akapona kabisaa" nakumbuka, nikakubusu nikazima taa. Hakupona mwanangu. Alikuwa anasema mwenyewe kwenye mahojiano, hata ni mzee ana tuzo ukuta mzima, kwamba hajapona, kigugumizi anacho, anaishi nacho na kufanya kazi nacho. Anachagua maneno. Neno akiona litamgomea anazunguka anatafuta jingine. Ule utaratibu wake wa kuongea polepole kila neno linakanyaga chini, watu wakidhani ni madaha ya wasanii, humo ndani kuna mtu anapita kwenye tope anatafuta pa kuweka mguu. Mi nilikuficha hilo kwa sababu ulikuwa mdogo na nilitaka ulale, halafu miaka ikaenda, na nadhani nilikukosea, maana kila ulipokwama ukubwani ulijiona mbona mwenzangu alipona mi bado.

Haya ngoja nimalizie maisha yake, mengine sikuwahi kukwambia.

Chuo Kikuu cha Michigan aliingia asomee udaktari, ukamshinda (famasi yako ulivyoiacha mwaka wa pili baba yako alitaka kuzimia, nikamwambia tulia, hata Mufasa), akahamia maigizo. Akapita jeshini akawa ofisa, akatoka akaenda New York na huko akamtafuta yule baba aliyemwacha. Baba mwenyewe zamani bondia, alikuwa anafanya mazoezi ulingoni na Joe Louis, bingwa wa ndondi wa dunia, baadaye akawa mwigizaji, na ile miaka ya msako wa wakomunisti alinyimwa kazi za sinema. Wakaishi pamoja, kijana anafanya usafi majengoni huku anasomea uigizaji. Mi hapo ndo huwa pananishika, kupita hata hiyo Mufasa. Mtu anakutana na baba yake ameshakuwa mtu mzima, hawana cha kuongea, wanachokijua wote wawili ni jukwaa, basi wakashika hilohilo.

Jukwaani alihangaika miaka. Mwaka 1964 akapata sinema ya kwanza, Dr. Strangelove, kijisehemu kidogo tu ndani ya ndege ya mabomu. Miaka ya sitini hiyohiyo akaingia kwenye tamthilia za mchana za televisheni, zile za kila siku, na mweusi wakati huo kupata nafasi ya kudumu mle haikuwa kawaida. Kilichomtoa ni igizo la The Great White Hope, 1968 Broadway, kwenye zile kumbi kubwa za maigizo za New York, akicheza bondia aliyechukuliwa kutoka kwenye maisha ya Jack Johnson, bingwa wa kwanza mweusi wa uzito wa juu duniani. Akachukua Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani, 1969, sinema yake ikatoka 1970 akateuliwa Oscar ya mwigizaji bora, na kwa wanaume weusi kabla yake kwenye nafasi hiyo alikuwa Sidney Poitier peke yake. Kumbuka baba yake alikuwa bondia. Mi sijui nyie vijana mnaonaje ila mi naona alikuwa anamcheza mzee wake pale.

Star Wars, ile sinema ya vita vya angani, utanicheka, hiyo unaijua kuliko mimi. 1977, ndani ya lile vazi jeusi la Darth Vader, yule mwovu wao, alikuwa Mwingereza mwingine mrefu, sauti wakaja kubandika ya Jones. Saa chache tu studio, malipo dola 7,000, sinema ikaingiza mamilioni kwa mamilioni! Na jina lake hakutaka liandikwe, alisema yeye kazi yake pale ni kama mtu wa madoido ya sauti tu, aliyecheza ni yule wa ndani ya vazi. Baadaye ndo akakubali kuandikwa. Mtu aliyekataa kuongea miaka minane anakuja kulipwa kwa sauti bila sura, ebu fikiria.

Na sinema ya Coming to America ya 1988, yule mfalme wa Zamunda aliyevaa ngozi ya simba begani, baba yake Eddie Murphy mle, ni yeye yule. Malkia wake mle ni Madge Sinclair, mama wa Kijamaika, na ndiye huyohuyo aliyekuja kuwa sauti ya mama yake Simba mwaka 1994. Yaani wale wawili walikuwa mfalme na malkia kabla hawajawa simba. Wakiwa pamoja tena kwenye tamthilia ya Gabriel's Fire, mwaka 1991 wote wakachukua Emmy, tuzo za televisheni, na mzee usiku huo akaondoka na mbili, ya pili kwa filamu nyingine. Baba yako haya nilimsimulia jana akasema kumbe ndo maana mama Simba alikuwa na heshima zake.

Oscar walimpa ya heshima 2011. Ukumbi mmoja wa Broadway wakaubatiza jina lake 2022, mwaka huohuo sauti yake wakaitengeneza kwa kompyuta, mwenyewe ameridhia, ili Vader aendelee kuongea. Alifariki Septemba 9, 2024, ana miaka 93. Ulinitumia meseji siku ile, "mama, Mufasa kafa tena, safari hii si kwenye katuni". Nilicheka nikalia.

Kuhusu hiyo kazi, wakikupigia wakikupa sawa, wasipokupa sawa. Ila ukiitwa pengine waambie mwanzoni kabisa una kigugumizi na wakupe muda, usisubiri wagundue, na jina lako hata likichukua dakika ulitoe wewe mwenyewe asikumalizie mtu. Mi nilikuwa nakumalizia sana maneno ulipokuwa mdogo, nikidhani nakusaidia. Nisamehe hilo pia.

Mabalungi ya nyuma ya nyumba yameiva, baba yako kajaza boksi moja kalifunga kwa kamba ya katani, nimelipandisha basi la Ijumaa asubuhi. Kachukue stendi mchana, konda atakuuliza jina. Muache asubiri.

Mama yako
Muheza