Gari Likilala Uani Miezi Mitano, Bima Isimamishwe?

SWALI: Hamjambo wahariri. Nina Toyota yenye injini ya sisi (cc) 1500. Kazi imenipeleka Lodwar hadi Desemba, gari limebaki uani kwangu Mamboleo, Kisumu. Mwezi wa Februari nililipa bima kamili, shilingi 36,000. Jirani ananishauri nisimamishe bima pamoja na leseni ya barabara, halafu kijana wangu awe analiwasha dakika tano kila Jumapili ili injini isigande. Nifuate ushauri huo?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Leseni ya barabara isikuumize kichwa. Gari la kibinafsi halilipi leseni hiyo ya mwaka hapa Kenya; ushuru wa kutengeneza barabara umo ndani ya mafuta, shilingi 25 kwa kila lita tangu Julai 2024. Usipojaza mafuta, hulipi.

Kinachobaki ni bima. Kwa hesabu ya haraka, miezi mitano ni shilingi 15,000, lakini usizitegemee zote. Mteja akivunja bima mwenyewe, kampuni nyingi hukata kwa jedwali la muda mfupi, yaani viwango vinavyokurudishia kidogo kuliko thamani ya siku zilizobaki, na kama ulishadai fidia mwaka huu, mara nyingi hurudishiwi kitu. Tena fikiria: gari lililo uani haligongi mtu. Linaweza kuibwa, kuungua, au kuangukiwa na tawi la mwembe, na hayo ndiyo yanayolipwa na bima kamili unayotaka kuitupa. Muulize ajenti kama utateremshwa hadi bima ya mtu wa tatu yenye moto na wizi, na ni pesa ngapi zitarudi. Jibu alitoe kwa maandishi. Kama benki ingali inashika logibuku (hati ya umiliki wa gari), usiguse bima kabla ya kuzungumza nayo.

Bima ikishasimama, gari lisitoke getini hata kwenda kujaza upepo. Kuliegesha nje kando ya njia inayopitwa na umma pia si salama kisheria.

Huko kuliwasha dakika tano ni afadhali kuache. Injini haipati joto la kutosha, mvuke unageuka maji ndani ya bomba la moshi na kuingia kwenye oili, na betri inatoa nguvu nyingi kwenye stata bila kurudishiwa. Gari lenye bima liendeshwe nusu saa kila wiki mbili. Lisilo na bima lilazwe vizuri.

Betri ndiyo hufa kwanza. Alamu na saa zikila miliampea 50 tu, kwa siku ni ampea-saa 1.2, na betri ya ampea-saa 45 inakauka katika mwezi mmoja na kidogo. Chukua spana namba 10, fungua kichwa cha negativu kwanza, na ukiweza uitoe betri kabisa. Ipimwe kila mwezi: volti 12.6 imejaa, ikishuka 12.4 ichajiwe. Ikiachwa tupu, sahani zake hushika salfeti na haitarudi ilivyokuwa.

Badilisha oili kabla ya kulaza, kwa maana oili iliyotumika ina asidi. Kama tairi hubeba upepo wa psi 32, zipeleke 40 zisibonyee upande mmoja. Hewa ya ziwani ina unyevu, kwa hiyo usifunike kwa nailoni, tumia kitambaa kinachopumua, wala usiegeshe juu ya nyasi. Makombo yatoke yote. Panya akishahamia kwenye boneti, huanza na nyaya. Hendibreki isivutwe, matairi yazuiwe kwa mawe mbele na nyuma.

SWALI: Nimerudi Nakuru baada ya miezi minne. Hendibreki ilikuwa imevutwa, na sasa gari halisongi. Nilisukume kwa nguvu?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Breki za nyuma zimegandamana kwa kutu na dramu, yaani kile chuma cha mviringo kinachozunguka pamoja na tairi. Achia hendibreki, weka gia ya rivasi, gusa mafuta kidogo tu, kisha jaribu mbele. Likikataa, fundi atoe tairi agonge dramu polepole kwa nyundo, akizunguka uso wake, asipige ukingoni maana chuma hicho hupasuka. Mkikazana na injini, bitana za breki zinaweza kubanduka zikabaki humo ndani. Likishasonga, mkwaruzo wa mara chache za kwanza ni kutu inayotoka. Ukiendelea baada ya kilomita moja, dramu ifunguliwe.